Kazi Haiombwi kwa Soseji

Kila asubuhi, mjini kwetu Pirot, mzee Svetozar alifanya kazi moja tu. Alisimama nyuma ya pazia la jikoni akimchungulia jirani yake. Msomaji, usicheke. Hiyo ni kazi nzito. Inataka macho makali, miguu imara na moyo uliojaa wivu. Mzee Svetozar alikuwa na vyote vitatu.

Jirani huyo aliitwa Vitomir. Alikuwa amefiwa na mkewe na aliishi peke yake. Yeye na Svetozar walikuwa wa umri mmoja, na walistaafu mwaka mmoja. Svetozar alikuwa fundi wa mabasi. Vitomir alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha matairi. Lakini sasa Vitomir alikuwa amepata kazi tena, katika duka la vifaa vya ujenzi. Alivaa koti la buluu lenye jina lake kifuani. Alitoka nje polepole, akafunga mlango polepole, kisha akazitikisa funguo zake kwa muda mrefu.

"Mtazame anavyotembea," alisema Svetozar. "Utadhani waziri."

"Anatembea kama mtu mwenye goti bovu," alisema mkewe, Desanka. "Kahawa yako inapoa."

"Na funguo zote zile za nini? Nyumba yake ina mlango mmoja!"

"Toza," alisema mkewe, akilifupisha jina lake, "toka hapo dirishani. Kioo kimejaa pumzi zako. Nimechoka kukifuta."

Svetozar hakutoka.

"Ila lile koti," Desanka aliongeza huku akikata mkate, "linampendeza."

Maskini Svetozar! Kahawa ilimpalia. Alikohoa mpaka macho yakatoa machozi.

Si kwamba Svetozar hakutafuta kazi. Alitafuta. Alianza kule kule alikostaafu, kwenye karakana ya mabasi. Meneja kijana alimuuliza, "Mzee, unaweza kutusaidia kwa lipi?"

Svetozar akajibu, "Muulize mtu yeyote mjini. Wote wananijua."

Kisha akamweleza meneja kwamba enzi zake karakana ilikuwa safi, mafundi walikuwa mafundi, na mameneja walikuwa na ndevu. Meneja akasema atampigia simu. Simu ile haijalia mpaka leo.

Akaenda pia kwenye gereji ya kando ya mto. Huko alianza kwa kusema, "Najua mimi ni mzee, lakini nionee huruma." Mwenye gereji alimwonea huruma kweli. Alimpa kiti na chai, kisha akamuaga.

Nyumbani siku zilikuwa ndefu. Svetozar alikaza skrubu ambazo hazikulegea. Aliifumua redio nzima iliyokuwa ikiimba vizuri, na ikanyamaza. Mikono yake ilitaka kazi. Alihisi kama chombo kilichowekwa stoo. Na kila jioni Vitomir alirudi, koti mgongoni, akapunga mkono kwa furaha. Svetozar hakuweza kula vizuri baada ya mkono ule.

"Ana mtu," alimwambia mkewe. "Lazima ana mtu mkubwa aliyemwingiza. Kazi hazipatikani hivihivi."

Siku moja Desanka alirudi kutoka duka la mikate akihema.

"Toza! Chuo cha ufundi kinatafuta mtu wa karakana. Wanataka mtu anayezijua injini za zamani, awafundishe wanafunzi. Asubuhi tu, siku chache kwa wiki. Hiyo ni kazi yako kabisa!"

Uso wa Svetozar uling'aa. Kisha ukanuna. "Vitomir anajua?"

"Nilimwona jana akizungumza na mkuu wa chuo pale dukani kwake."

"Nilijua! Kazi moja haimtoshi. Anataka na yangu!"

Bila kusubiri, alivaa kofia akaenda kwa Radisav, kumu wake, yaani mtu aliyemsimamia harusi. Kwetu kumu ni zaidi ya ndugu. Akikuambia jambo, humpingi. Na bahati mbaya Radisav alikuwa na jambo la kusema kuhusu kila kitu.

"Kumu, usijali," alisema Radisav. "Mimi namjua mlinzi wa pale. Mlinzi anamjua karani. Karani anamjua mkuu. Wewe leta soseji."

Mnajua soseji zetu. Zinatundikwa wakati wa baridi, na kila mara zinasukumwa kwa chupa, mpaka zinakuwa bapa kama soli ya kiatu. Desanka alikuwa ameisukuma kwa chupa majira yote ya baridi soseji moja nene, ya sikukuu. Svetozar aliichomoa mkewe alipokuwa bafuni.

Kesho yake makumu wawili waliingia ofisini kwa mkuu wa chuo, Bi Zorka, wamevaa suti za harusi na mazishi. Soseji ilitua mezani.

"Hii ni nini?" aliuliza Bi Zorka.

"Ni heshima," alisema Radisav.

"Ni mbuzi na ng'ombe," alisema Svetozar, "na kitunguu saumu kidogo."

"Mzee Svetozar, nashukuru. Lakini naomba uiondoe mezani. Mtu akiingia sasa hivi atasema nauza kazi kwa soseji."

Svetozar aliirudisha kwenye mfuko. Masikio yalimwaka moto.

"Niambie, unaweza kuwafundisha nini wanafunzi wangu?"

"Kila kitu!" alijibu Radisav. "Huyu kumu wangu—"

"Nilimuuliza yeye."

Svetozar alifungua mdomo. Miaka yote ile chini ya mabasi, na sasa hakuwa na hata sentensi moja.

Bi Zorka alimtazama bila ukali. "Usaili wa watu wote ni Alhamisi. Njoo tena. Ila uje peke yako, na usilete nyama."

Nyumbani, Desanka aliipokea soseji, akaitundika tena mahali pake.

"Una nafasi moja iliyobaki," alisema mwishowe. "Kuna mtu mtaa huu wa umri wako aliyeomba kazi akapata. Unamjua vizuri. Unamtazama kuliko unavyonitazama mimi. Nenda kamuulize."

"Kwa Vitomir? Afadhali nilale nje!"

"Blanketi liko kabatini," alisema Desanka.

Basi Svetozar akaenda kwa Vitomir. Alisimama mlangoni akiwa amekunja uso.

"Nani alikupa kazi?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Karibu, jirani. Nami sijambo. Niliomba."

"Una mtu."

"Ninaye," alisema Vitomir. "Anaitwa Slavica. Yuko ofisi ya ajira, dirisha la pili. Ni mtu wa kila anayepanga foleni. Kaa, nitie kahawa."

Svetozar alikaa kwenye ukingo wa kiti, ili isionekane kwamba amekaa.

Vitomir akamweleza. Naye mwanzoni alikataliwa kila mahali. Naye alipeleka jibini nzima kwa mkurugenzi mmoja, akarudishwa nayo. Kisha akaenda kwenye mafunzo ya wazee wanaotafuta kazi, kule ofisi ya ajira. Ni bure.

"Slavica alitufundisha hivi," alisema Vitomir. "Kwanza, usiombe huruma. Mwajiri ana tatizo lake. Ulizia tatizo hilo ni lipi, umweleze utakavyolitatua. Pili, usiseme unajua kila kitu. Anayejua kila kitu haaminiki. Toa mfano mmoja wa kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Wasifu wako wa kazi uwe ukurasa mmoja tu. Anza na kazi ya karibuni. Mimi nilikuwa nimeanza na shule ya msingi."

"Hata mimi," alinong'ona Svetozar.

"Na usimtukane kijana aliyekaa mbele yako. Wakikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui, ila utajifunza. Na usisaini kabla ya kuuliza ofisi ya pensheni kama pensheni yako itaguswa. Dai mkataba wa maandishi. Sasa tufanye mazoezi."

Vitomir alijifunga taulo la vyombo kichwani, akakohoa, akawa Bi Zorka.

"Mzee Svetozar," alisema kwa sauti nyembamba, "kwa nini tukuchukue wewe?"

"Kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui hata—"

Vitomir aligonga meza kwa kijiko. "Umeshafukuzwa! Rudia."

"Kwa sababu, enzi zetu—"

Kijiko tena. "Umefukuzwa mara mbili, na huna hata kazi. Rudia!"

Walirudia mpaka kahawa ikaisha. Svetozar akaanza kuongea vizuri, na akachukia kwamba aliyemfundisha ni Vitomir. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Niambie ukweli. Kazi ya chuo, unaitaka wewe?"

Vitomir alivua taulo. "Hapana. Lakini nina la kukuambia. Bi Zorka alikuja dukani kununua misumari. Akaniuliza kama namjua mtu anayezifahamu injini za zamani. Jina lako lilinijia mdomoni, nikalimeza. Nikasema simjui mtu."

Svetozar aliinuka. "Kwa nini, bwana we? Nimekukosea nini?"

"Unanichungulia kila asubuhi, unafikiri sikuoni? Ndiyo maana natikisa funguo. Nimeongeza na za baiskeli ya zamani." Vitomir alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nafurahi ukinionea wivu. Maana jioni ni mimi ninayekuonea wewe. Nawasikia mkigombana juu ya chumvi. Hapa kwangu, hata nikipika bila chumvi, hakuna wa kunitukana."

Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu mpaka uzeeni, na uzee ulikuwa umeshafika. Akakaa tena, safari hii kwenye kiti chote.

"Haya, vaa taulo lako," alisema. "Niulize kuhusu injini."

Alhamisi ilifika. Svetozar aliingia ofisini kwa Bi Zorka peke yake, mikono mitupu. Ukurasa wake mmoja ulikuwa tayari mezani.

"Kwa nini tukuchukue wewe?" aliuliza Bi Zorka.

Vijana wa siku hizi walimjia kooni. Akawameza.

"Kwanza naomba kuuliza, mama. Wanafunzi wako wanakwama wapi?"

Bi Zorka aliinua macho. "Wanategemea mashine ya kupima. Mashine isipoonyesha kosa, wanakaa tu wanaitazama injini."

"Basi naweza kusaidia," alisema Svetozar. "Baridi moja basi letu lilizimika njia ya mlimani, likiwa limejaa abiria. Mvuke wa pumzi zao ulikuwa umeganda kwenye vioo. Sikuwa na mashine. Nilimwambia dereva ajaribu kuwasha, nikasikiliza. Mafuta hayakufika. Bomba lilikuwa limeganda. Nililifunga kwa skafu yangu, nikalimwagia maji ya moto kutoka chupa ya chai ya bibi mmoja. Basi likawaka. Nitawafundisha kusikiliza injini kabla ya kuigusa."

"Na mashine ya kupima, unaijua?"

Hapo Svetozar wa zamani angesema anaijua. Huyu wa sasa alivuta pumzi.

"Siijui. Wanafunzi watanifundisha hiyo, nami nitawafundisha kusikiliza."

Bi Zorka alicheka. Kisha akamuuliza kama anaweza kusimama kwa muda mrefu. Svetozar alisema kweli: anaweza asubuhi, ila mchana mgongo unalalamika. Wakakubaliana asubuhi tatu kwa wiki.

Hakusaini siku ile. Alikwenda kwanza ofisi ya pensheni, akaambiwa pensheni yake haitapungua. Alipima afya. Alisoma mkataba akiwa na miwani, na Desanka akausoma tena kwa sauti. Ndipo akasaini.

Wiki ya kwanza wanafunzi walimcheka. Walisokomeza kitambaa ndani ya bomba la hewa la injini, wakamwomba atafute kosa. Ulikuwa mzaha mzuri sana, na kila mwenye akili atausifu. Svetozar alisikiliza kidogo, akatoa kitambaa, akakitumia kufutia pua, akaendelea na somo. Kuanzia hapo walimwita "mwalimu".

Sasa alilala vizuri. Skrubu za nyumbani zilipumzika. Redio iliimba tena, kwa sababu aliirekebisha kwa dakika chache alipokuwa na jambo jingine la kufanya.

Jumapili moja walimwalika Vitomir chakula cha mchana. Wazee hao wawili walikula supu ya maharagwe na kuongea bila kupumua. Svetozar alisimulia habari za wanafunzi wake. Vitomir alisimulia habari za wateja wake. Mmoja akisema, mwingine alidakia. Waligombea hata nani anachoka zaidi.

Desanka aliwatazama. Kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likapungua. Kisha likaisha. Uso wake ulipata rangi ambayo Svetozar aliijua vizuri, kwa sababu aliivaa mwenyewe mwaka mzima.

"Mimi nilifanya kazi posta miaka yote ile," alisema Desanka. "Niliwajua watu wa mji mzima kwa majina. Foleni yangu ndiyo iliyokwenda haraka. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama ninataka kazi."

Vijiko vya wazee vilibaki hewani.

"Huyo Slavica," alisema, akivua aproni, "anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," alijibu Vitomir.

"Lakini Desa," alisema Svetozar kwa hofu, "chakula cha mchana atapika nani?"

Desanka aliikunja aproni vizuri, akaiweka mezani katikati yao.

"Nafasi hiyo iko wazi kuanzia kesho," alisema. "Mnaruhusiwa kuomba."