Salamu kwa Gozbert

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mambo yenyewe yalianzia kwenye vichekesho.

Vaileth wa Chamazi alikuwa mjane wa miaka miwili. Marehemu mumewe, Gozbert, alimpatia kwenye kadi za salamu za redioni. Walisalimiana hewani mwaka mzima kabla ya kuonana sura. Basi Jumamosi moja akamchukua bintiye Asifiwe, mtoto wa miaka saba, wakaenda kwenye ukumbi wa harusi uliokuwa jirani kutazama kipindi cha vichekesho cha redio kikirekodiwa. Mlangoni wakapewa kadi: andika jina lako, andika na mtu unayemsalimu. Mkono ukaandika ulichozoea kuandika. Gozbert. Aliposhtuka, kadi ilishachukuliwa.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Mchekeshaji Albano akapanda jukwaani akachomoa kadi.

"Vaileth wa Chamazi anamsalimu Gozbert! Haya Gozbert, popote ulipo, umepokea?"

"Nimepokea!" Sauti ikajibu kutoka nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu waliponyamaza, kikabaki kicheko kimoja, kizito, kilichochelewa, kikaishia kwenye kikohozi kimoja kikavu. Jamani! Gozbert ndivyo alivyokuwa akicheka. Alikuwaga wa mwisho kuelewa kichekesho na wa mwisho kunyamaza.

"Nani huyu ananichezea?" alijisemea. Shemeji yake Wilbert alikuwa fundi wa kuigiza sauti ya kaka yake, lakini Wilbert alikuwa Bukoba. Akaanza kumshuku kila mtu: kijana wa kofia nyekundu, mama wa kitenge, hata Albano mwenyewe. Kila kichekesho kilipotolewa yeye hakucheka, alitazama midomo ya watu. Na kila mara kile kicheko kilikuja baada ya vyote, na kila mara kilikuwa karibu zaidi, kikiletwa na harufu ya karafuu maiti.

Albano akachomoa kadi ya mshindi wa zawadi ya khanga. Ikatoka ileile ya Vaileth. Vaileth akafurahi, si kwa ajili ya khanga, bali kwa sababu kutoka jukwaani angeziona nyuso zote. "Kaa hapahapa, usisogee," akamwambia Asifiwe, akaenda. Makofi yakapigwa. Akapokea khanga huku macho yakipita safu kwa safu, na hapo ndipo alipoona kwamba nyuma ya kiti cha Asifiwe hakukuwa na mtu, safu tatu nzima za viti vitupu, na mtoto amegeuza shingo anatazama huko kwenye viti vitupu, anatabasamu. Alirudi mbio.

"Nani alikuwa nyuma yako?"

"Hakuna mtu, mama."

Kipindi kilipokwisha alimwendea Nassibu, fundi wa sauti. "Kaka, kuna kicheko mmekiweka kwa mashine?"

"Mie siwekagi vya mashine, sista. Hata mie nimekisikia," Nassibu akasema kwa sauti ya chini. "Kimeingia kwenye maiki ya nyuma. Na kule nyuma hakujakaa mtu."

Jioni hiyohiyo Vaileth, Mlutheri wa damu, alibisha kwa jirani yake Mzee Fakihi, anayesomea watu dua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Marehemu haitiki salamu. Umeita jina lisilo na mwenyewe, mchana wa jua la utosi, na kinachookota majina kimeliokota. Sasa na chenyewe kitaita. Kitamwita mtu wako wa karibu. Siku saba, mtoto asiitikie mwito wa mtu asiyemwona. Akiitikia, amekwenda nacho."

Siku saba! Vaileth aliacha genge lake la mboga, akawa kivuli cha mwanawe. Alimwendea mwalimu akamwomba asimwite Asifiwe kwenye mahudhurio mpaka asimame mbele yake. Mwenye duka akiita dirishani, alimziba mtoto mdomo. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mjane kapagawa, naye akawashuku hao majirani. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, mtoto hakuitikia kitu. Usiku Vaileth alimhesabia pumzi, akashukuru Mungu.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi, saa saba, na kipindi kile kikarushwa. Angeweza kuiacha redio imezimwa. Lakini moyo wa shaka haulali: huenda ni mtu, huenda akisikiliza vizuri atamtambua mshenzi huyo, na haya yote yataisha kwa kesi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Akamkalisha Asifiwe mapajani, akamziba masikio kwa viganja viwili, akambonyeza mpaka mtoto akalalamika, kisha akafungua redio kwa kidole cha mguu.

"Nimepokea!" Ukumbi ukacheka. Kikafuata kile kicheko, na kikohozi chake. Vaileth akakaza viganja. Albano akamwita mwenye kadi aje kuchukua khanga, makofi yakaanza, naye akakumbuka kwamba wakati huo alikuwa njiani kuelekea jukwaani, mtoto yuko peke yake. Na chini ya makofi yale, karibu kabisa na maiki ya nyuma, sauti ya mumewe ikaita polepole, kwa mapenzi, kama alivyokuwa akiita akirudi kazini:

"Asifiwe."

Na kutoka humohumo redioni, kisauti cha Asifiwe kikaitikia kwa furaha:

"Abee, baba!"

Viganja vya Vaileth vikalegea, vikaanguka. Siku saba alikuwa akilinda mlango ulioachwa wazi tangu siku ya kwanza. Redioni Albano akatoa kichekesho, ukumbi ukaangua kicheko, kikapungua, kikaisha.

Ndipo Asifiwe, mapajani mwa mama yake, akacheka peke yake, kwa sauti nzito, na alipomaliza akakohoa mara moja.