Mstari wa Tano

Alichora mistari minne. Hadubini ilionyesha mitano.

Dada mtafiti alihesabu upya, maana hakuwa mtu wa kukisia. Leza yake ilipiga mapigo mafupi mno, miale yake imebanwa na kupewa umbo ili ichome ndani kabisa ya kioo huku uso ukibaki mzima, na kila mstari uwe njia ya kupitishia mwanga. Minne ilinyooka. Wa tano ulipindapinda, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

"Kioo hiki umekitoa wapi?" aliuliza fundi wa maabara, waliyemwita Miwani.

"Vya kazi vimekwisha. Nimechomoa cha kabati la bibi, lile la stoo."

"Haya. Bibi akikutandika, mimi simo."

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mchana alikwenda nyumbani kula. Mdogo wake wa miaka sita alikuwa akijikuna mkono. "Dada, kuna kitu kinatembea humu."

Ngozi haikuwa na hata mkwaruzo. Chini yake mlikuwa na mistari mitano, myembamba kama unywele, mmoja umepinda. Alibandika tochi ya simu kwenye kiganja cha mtoto. Karibu na kiwiko pakachomoza nukta ya mwanga.

Bibi aliona. Akashusha sauti. "Umekichukua kioo cha kabati?"

"Bibi, nilidhani hakina kazi…"

"Mle kuna mtu, mjukuu wangu. Mama yangu ndiye aliyemfungia. Umemchimbia njia, na mwili keshauchagua. Kirudishe kizima. Kisipungue hata ukucha!"

Alikimbia, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, akiwapita watu waliomsalimia bila kuwaitikia, akiomba na kukosea maneno ya dua aliyoyajua tangu utotoni, mpaka mlango wa maabara, ambako ile harufu ilimpokea kabla hajashika kitasa, na ndani kukasikika kitu kikisaga polepole, kama meno.

Ilikuwa mashine ya kusugulia kioo.

"Nimekupunguzia kazi, dada," alisema Miwani. "Ncha za mistari zilikuwa zimezibwa ndani ya kioo, nimekata ukingo, sasa zote ziko wazi. Hakijang'aa vizuri, lakini njoo uone kioja." Akaelekeza mwanga kwenye mstari wa tano. Upande wa pili, giza. "Unaingia, hautoki. Sasa unakwenda wapi?"

Simu ikalia. Bibi alinong'ona kama aliyejificha. "Mtoto amelala. Amefumba macho kabisa. Na mwanga unapenya kwenye kope, kutoka ndani."

"Zima! Kaka, zima!"

Miwani aliinua mikono yote miwili. Alikuwa ameshazima.

"Sasa amefumbua," bibi alisema.