Kafara ya Kisanduku

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, Shufaa Abdulazizi alikuwa akifunga kibanda chake cha umeme wa magari mjini Bagamoyo. Simu ya mdogo wake ikalia. Ilikuwa ya nne tangu Alasiri.

"Dada, uko wapi?"

"Nafunga. Nitakuja kesho asubuhi."

"Kesho hapana. Njoo kabla ya Magharibi."

"Kisanduku hakina miguu, Dadi. Kitanisubiri."

"Dada..." Alishusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikiwa na aliye karibu. "Gari limekula mguu wa Seleman."

Shufaa alichukua mkoba wa spana, akapanda bodaboda kwenda Mlingotini.

Dadi alikuwa na kigari cheupe cha mizigo. Alibeba samaki wa Mlingotini kwenda Dar es Salaam, na barafu haimsubiri mtu. Wiki mbili nyuma, pale Kiromo, mzee mmoja mgeni, mwenye kanzu safi, alimfungia kifaa cha kuongeza nguvu ya injini. Shufaa alivijua vifaa hivyo. Huchomekwa kati ya akseleta na kompyuta ya gari, na kazi yao ni uongo: ukikanyaga kidogo, kompyuta huambiwa umekanyaga sana. Vilivyo vizuri huchosha gia. Vya bandia hufanya vitakavyo. Alimwambia Dadi akitoe. Dadi akacheka. "Dada, sasa linapaa."

Tangu hapo gari lilikuwa limeua mbwa, kisha mbuzi. Jana lilimbana Seleman, mpakizi, kwenye ukuta wa ghala la barafu. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mara zote tatu ilikuwa saa ya Magharibi. Seleman aliapa kwamba kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Shufaa hakushtuka. Gari la samaki huvuja maji ya chumvi siku nzima, na chumvi ikiingia kwenye waya, injini inaweza kuwaka yenyewe. Alishawahi kuona.

Alilikuta nyuma ya ghala, pua ikitazama ukuta. Mawe mbele ya matairi, mawe nyuma. Kamba nene ya nanga ilitoka kwenye bampa ya nyuma hadi kwenye mti wa mvinje.

"Umelifunga kama ng'ombe wa Idi," Shufaa alisema.

Dadi hakucheka. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye gari. Mkewe, Mwanahija, alikuwa nyuma yake, ameshika ncha ya kanga mdomoni.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Hiyo harufu ni ya nini?"

Ilikuwa harufu ya manyoya ya kuku yaliyobabuliwa motoni. Ilitoka chini ya boneti.

Shufaa alifungua boneti. Injini ilikuwa imezimwa tangu jana, alivyoambiwa. Aliigusa. Ilikuwa ya moto.

Alisema bismillahi, akatoa spana namba kumi, akalegeza kichwa cha betri, akakivuta pembeni. Alikizungushia tambara na kupiga fundo, kama alivyozoea, kisigusane na chuma. Kisha akaketi kwenye kiti cha dereva, akainama chini ya dashibodi.

Kisanduku kilikuwa pale, juu ya akseleta. Ukubwa wa kiberiti. Kilifungwa kwa selotepu nyeusi na kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima.

Kichwa cha betri alikuwa amekitoa. Kitaa kiliendelea.

Alikata waya kwa koleo, akakipasua kisanduku juu ya paja lake. Ndani mlikuwa na kitaa na betri ndogo ya saa. Waya za nje hazikufika popote. Ziligandishwa kwa gundi.

Shufaa alicheka kwa sauti.

"Dadi! Umeuziwa kibatari! Hakina kitu, mdogo wangu. Hakijawahi kuongeza hata nguvu ya nzi."

Dadi alishusha pumzi ndefu. Rangi ilimrudi usoni. "Kumbe? Na mimi nalala macho wiki nzima! Wallahi yule mzee nikimkamata nitamlisha hicho kisanduku."

Alikwenda mbele ya gari, akainama kuondoa mawe. Barafu ilikuwa tayari, samaki walikuwa tayari. Alianza hata kupiga mluzi.

Shufaa alikitikisa kisanduku kabla ya kukitupa. Kitu kililia ndani. Chini ya gundi palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Alikikunjua.

Mfupa wa bawa la kuku. Ulikuwa umeng'atwa hadi ukawa mweupe.

Mwanahija, aliyekuwa amesogea mlangoni, aliuona. Akarudi nyuma hatua moja.

"Wifi..." alinong'ona. "Yule mzee alimwambia achinje."

"Achinje nini?"

"Kuku. Kafara, kama tunavyochinjia gari jipya. Damu kwenye tairi, nyama wapewe watu. Alimwambia mara mbili, usile."

"Na nyama mlimpa nani?"

Mwanahija alitazama mchanga.

"Mwanahija. Nyama alipewa nani?"

"Dadi alisema kuku mzima wa kienyeji hawezi kuwapa majirani. Nikampikia. Akamla peke yake, wifi. Shingo hadi miguu."

Kila mtoto wa pwani anafundishwa hili kabla ya kufundishwa kuvuka barabara. Kafara ni badala yako. Ukiila, umeirudisha zamu kwako.

Msikitini, mtu alikipiga kipaza sauti kwa kidole kabla ya kuadhini.

Tok. Tok. Tok.

"Dadi," Shufaa alisema. "Toka hapo mbele."

"Jiwe moja tu, dada."

"Toka!"

Injini ikawaka.

Haikukoroma kwanza kama injini. Iliwaka ikiwa tayari juu kabisa, ikilia. Gari liliruka, kamba ya nanga ikakatika. Dadi alikuwa bado ameinama. Lilimnyanyua kwa kiuno na kumpiga ukutani.

Shufaa alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Ilikuwa ngumu kama mwamba. Alivuta hendibreki hadi waya ukakatika. Kupitia kioo alimwona mdogo wake, mikono juu ya boneti, damu ikimtoka mdomoni. Macho yake yalikuwa yakimtazama yeye.

"Dada," midomo yake ilisema. "Breki... breki, dada."

Alidhani ni yeye anayeendesha.

Gari lilirudi nyuma, likiyasukuma mawe. Dadi aliteleza, akasimama kwa goti moja. Likaenda tena. Shufaa alisikia mbavu zikivunjika, moja baada ya nyingine, kama kuni kavu. Likarudi. Likaenda mara ya tatu. Safari hii halikurudi. Lilisukuma, matairi yakichimba mchanga, mpaka matofali ya ghala yakapasuka na maji ya barafu yakatoka chini ya ukuta yakiwa mekundu.

Adhana ilipofika mwisho, injini ilizima.

Polisi walimshikilia Shufaa siku nne. Mwanahija aliwaambia alichokiona. "Alikuwa kwenye usukani. Alikuwa amekanyaga. Sikuona amekanyaga nini." Hakudanganya, na Shufaa hakumlaumu. Ripoti iliandikwa kwamba fundi alikanyaga akseleta kwa bahati mbaya. Kuhusu kichwa cha betri, iliandikwa kwamba kilichomoka kwa kishindo. Lile tambara lilikuwa bado limekizunguka, na fundo lake halijaguswa. Hilo halikuandikwa.

Jioni ya siku ya kumi na tisa, simu yake ililia. Namba asiyoijua.

"Fundi Shufaa? Mimi Mahmoud, wa Fukayosi. Pole na msiba. Nimeambiwa unavijua vile visanduku vya kuongeza nguvu. Nimefungiwa kimoja juzi na mzee mmoja, mstaarabu kweli. Gari linapaa! Ila jana limenigongea mbwa."

Shufaa alikaa chini.

"Alikwambia uchinje?"

"Kuku. Nimechinja."

"Nyama alikula nani?"

Mahmoud alicheka. "Fundi nawe! Nani agawe kuku siku hizi? Tulikula wote, mimi na wanangu watatu."

Nje, mwanga ulikuwa umeanza kuondoka.

"Watoto wako wapi sasa hivi?"

"Wamo humohumo garini, wanachezea usukani. Usihofu, nimelizima."

Nyuma ya sauti yake, katika msikiti wa Fukayosi, mtu alikipiga kipaza sauti kwa kidole.

Tok. Tok.