Paja la Bibi na Kiti cha Agape

Upepo wa Same ulianza mapema Jumamosi ile. Ulipeperusha vumbi na kanga zilizoanikwa kwenye kamba. Honorata alizianua, akazikung'uta, akazipanga kwenye begi. Leo yeye na watu wake walikuwa wanapanda mlimani, kwao Mbaga. Kesho Agape, mtoto wake wa miezi saba, angebatizwa.

Mumewe, Sifael, alikuwa anapakia gari lao dogo. Sifael ni mtu wa mpangilio. Kreti ya soda aliifunga kwa kamba ya mpira. Trei la mayai alilizungushia blanketi, akalibana kati ya mfuko wa mchele na maboga mawili makubwa. Alizijua kona za kule juu.

"Baba," alisema Blessing, binti yake wa miaka sita, "mayai yamelala vizuri kuliko mimi."

"Wewe una mikono. Utajishikilia."

"Nitashikilia nini?"

"Mdomo wako," alisema baba yake, na wote wawili wakacheka.

Kwenye kigoda, pembeni ya mlango, alikaa Bibi Ernesta, mama yake Sifael. Alikuwa ameteremka Same kutibiwa macho. Sasa macho yalikuwa na nafuu, naye alikuwa anarudi nyumbani. Alimpakata Agape huku akimwimbia polepole kwa Kipare. Agape alikuwa anavuta shanga za shingoni mwake.

Katika ukoo wao kuna desturi. Mtoto akipandishwa nyumbani kwa mara ya kwanza, hubebwa na bibi yake. Habebwi na mtu mwingine. Sifael alipandishwa hivyo, mgongoni, kwa miguu, zamani. Blessing alipandishwa hivyo, mapajani, ndani ya gari. Leo ilikuwa zamu ya Agape. Bibi Ernesta alikuwa ameisubiri siku hii tangu mtoto alipozaliwa.

"Mama, ukae mbele," Honorata alimwambia. "Agape auone mlima."

Bibi aliingia kiti cha mbele, akampakata mjukuu wake. Honorata aliuvuta mkanda wa gari. Aliupitisha juu ya Bibi na juu ya Agape pia, akaufunga. Aliridhika. Aliona amewalinda wote wawili kwa mkanda mmoja.

Wakati huo jirani yao Rogathe alikuwa anaingia uani na kofia nyeupe ya ubatizo mkononi. Rogathe ni muuguzi. Anafanya kazi katika chumba cha majeruhi hospitalini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuaga?"

Rogathe alitabasamu. Kisha akaona mkanda. Tabasamu likapungua.

"Mama Blessing," alimwita Honorata kwa sauti ndogo. "Mtoto asisafiri hivyo."

"Mbona nimewafunga?"

"Umefunga, ndiyo. Lakini mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Gari likigonga kitu, Bibi atasukumwa mbele kwa nguvu. Agape atabanwa katikati, kati ya Bibi na mkanda. Mwili wa Bibi ndio utakaomwumiza."

Rogathe aligusa sehemu ya mbele ya gari, juu ya kabati dogo.

"Halafu humu ndani mna mfuko wa hewa. Gari likigonga, unafutuka ghafla, kwa kishindo. Kwa mtu mzima aliyefunga mkanda ni msaada. Kwa mtoto mchanga ni kipigo. Watoto wakae nyuma."

"Nyuma sawa," alisema Sifael. "Mama atampakata huko huko nyuma."

"Hata nyuma haifai, kaka yangu. Mtoto anatakiwa awe na kiti chake. Ninacho nyumbani. Wanangu wote wawili wamekitumia na wamekua. Hakijawahi kupata ajali wala hakina ufa. Nikilete?"

Kila mtu alimtazama Bibi Ernesta. Bibi alikuwa anatazama mikono yake, ilivyomzunguka mtoto.

"Paja langu limekosa nini?" aliuliza.

Alimvuta Agape karibu zaidi na kifua chake.

"Nimelea watoto sita kwa paja hili. Mmoja wao ndiye huyu anayefunga soda kwa kamba. Leo mjukuu wangu anapanda nyumbani, mnataka kumweka kwenye kiti kama mgeni?"

Alifungua mkanda. Aliteremka na Agape, akarudi kwenye kigoda.

"Nendeni. Sisi wawili tutakuja na basi."

Honorata alihisi machozi. Alimpenda mama mkwe wake. Hakutaka kumnyima heshima yake siku kama hii. Lakini maneno ya Rogathe yalikuwa yameingia moyoni na hayakutaka kutoka.

Rogathe alichuchumaa mbele ya kigoda.

"Bibi, mimi sisemi hivi kwa sababu nimesoma. Ninasema kwa sababu mimi ndiye ninayewapokea watoto walioumia ajalini." Alisita kidogo. "Mama zao huwa wanasema neno lile lile. Wanasema, 'Nilikuwa nimemshika.' Na ni kweli, Bibi. Walikuwa wamewashika."

Upepo ulivuma. Agape alipiga chafya. Bibi alimfunika kichwa kwa kiganja.

"Nikuombe jambo moja," Rogathe aliendelea. "Tujaribu kwa boga. Si kwa mtoto. Kwa boga tu."

Blessing ndiye aliyecheka kwanza. Bibi naye akashindwa kujizuia.

"Boga nalo linabatizwa?"

"Litabatizwa leo," alisema Rogathe.

Honorata alimchukua Agape. Bibi aliketi kiti cha nyuma, akafunga mkanda wake, akapakata boga moja lililokuwa na uzito kama wa mtoto. Rogathe alikaa kando yake. Sifael aliwasha gari, akaliendesha polepole kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba. Lilikwenda mwendo wa mtu anayekimbia.

"Bibi, Sifael alikuwa mtundu utotoni?" Rogathe aliuliza.

"Huyu? Huyu aliwahi kuiba asali ya babu yake, akarudi nyumbani ana jicho moja tu linaloona, lile lingine nyuki—"

Sifael alikanyaga breki.

Boga lilichomoka mikononi. Liligonga kiti cha mbele, likaanguka sakafuni, likapasuka. Bibi alibaki ameshika hewa.

"Hukuniambia!" alifoka.

"Hata ajali haituambii, Bibi," alisema Rogathe kwa upole. "Na huo ulikuwa mwendo mdogo tu. Barabarani gari likigonga kitu, Agape atakuvuta mikononi kwa uzito wa magunia mawili ya mahindi. Nani anaweza kushika hayo? Baba hawezi. Mpiga mieleka hawezi."

Bibi alilitazama boga. Mbegu zake zilikuwa zimetapakaa chini.

"Lete hicho kiti," alisema.

Rogathe alirudi na viti viwili, na kazi ikaanza. Mikanda ya nyuma haikuonekana. Sifael alikuwa amevishonesha viti kava nzuri nyekundu, na fundi alikuwa amevifunika hata vifungo vya mikanda. Walifunua kava. Walikuta kitana, kiatu kimoja cha mwanasesere na maganda ya karanga. Chini kabisa walikuta mikanda mitatu mizima, haijawahi kutumika. Bahati nzuri, hata ule wa katikati ulikuwa wa kupita begani.

Rogathe alikifunga kiti cha Agape kwa mkanda wa gari. Alikikandamiza kwa goti, akaukaza mkanda, kisha akakitikisa. Hakikucheza. Lakini Bibi aliona jambo.

"Mbona umekigeuza? Mtoto ataangalia nyuma! Anakwenda kwao huku amewapa mgongo?"

"Lazima aangalie nyuma, Bibi. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake ni laini. Gari likisimama ghafla, kiti hiki kinampokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kama wewe unavyomkinga kwa kiganja."

Bibi alifikiri. "Basi uso wake nitauona?"

"Utauona njia nzima. Ukikaa kando yake, atakuangalia wewe tu."

Neno hilo lilimfurahisha Bibi.

Walimweka Agape kitini. Mikanda midogo ilipita mabegani mwake, ikafungwa kati ya miguu. Rogathe aliikaza mpaka asiweze kuifinya kwa vidole viwili pale begani.

Blessing naye alipewa kile kiti cha pili, cha kumnyanyua, kwa sababu mkanda wa gari ulikuwa unamkata shingoni. Alipokalia kiti kile, mkanda ulipita katikati ya bega na kifua. Sehemu ya chini ililala mapajani, haikupanda tumboni.

"Usiupitishe chini ya kwapa," Rogathe alimwonya. "Hata kama unawasha. Utakuumiza mbavu."

"Na baba je?" aliuliza Blessing. "Yeye huuvaa akiona trafiki tu."

Sifael alijikuna kichwa. Aliuvuta mkanda wake, akaufunga. Honorata akafunga wake kiti cha mbele.

Waliondoka. Walipita kijiji cha Mwembe, barabara ikaanza kupanda. Hewa ilipoa. Migomba ilianza kuonekana, kisha mashamba ya tangawizi, kisha ukungu. Bibi alikaa katikati. Alimwimbia Agape, na Agape alimkodolea macho, akicheka bila meno.

Jiwe lilikuwa baada ya kona. Lilikuwa limeporomoka usiku wakati wa mvua, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Sifael aliliona karibu mno. Alikanyaga breki kwa miguu yote. Gari liliteleza kwenye tope, likagonga ukingo wa mlima, likasimama. Gurudumu moja lilikuwa mferejini.



"Agape!" Honorata alipiga kelele.

Agape alianza kulia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtoto aliyeamshwa na mlango uliobamizwa. Honorata aligeuka nyuma. Mwanawe alikuwa pale pale, amekumbatiwa na kiti chake, kofia imemteremkia puani.

"Blessing?"

"Nipo. Mkanda umenibana. Mayai je?"

Sifael aliteremka. Alifungua mlango wa nyuma. Bibi Ernesta hakuwa ameumia. Lakini alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi.

"Mama, uko salama?"

"Niliinyoosha kumdaka," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilimnyooshea mikono, Sifael, nayo ikaenda mbele, kule kwenye kiti cha mkeo. Sikumgusa hata kidogo. Ningekuwa nimempakata..."

Hakumaliza. Sifael aliishika mikono ya mama yake, akaitia ndani ya mikono yake. Honorata alikuja akamfungua Agape, akamkagua kichwa, shingo na miguu. Alikuwa mzima. Walisimama barabarani wote watano, karibu karibu, mpaka mtoto akanyamaza.

Vijana waliokuwa shambani walishuka, wakasukuma jiwe, wakalitoa gari mferejini. Taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika, lakini viti vya watoto havikuwa na ufa. Sifael aliendesha polepole mpaka barabara ilipoishia. Kutoka pale, nyumbani ni kwa miguu, njia nyembamba kati ya migomba.

Honorata alimfungua Agape kitini. Alichukua kanga, akamfunga mgongoni mwa mama mkwe wake, akaikaza mbeleko vizuri.

"Mpandishe nyumbani, Mama."

Bibi Ernesta alipanda na mjukuu wake. Hakuna aliyemtangulia. Wanawake wa boma walimpokea mlangoni kwa vigelegele.

Ubatizo ulikuwa mzuri. Agape alilia maji yalipomgusa, akanyamaza aliposikia kwaya. Watu walikula makande na wali, wakanywa soda. Mayai matatu tu ndiyo yalikuwa yamevunjika. Kila aliyeuliza habari za safari alisimuliwa na Bibi mwenyewe, kuanzia boga mpaka jiwe. Shemeji mmoja mwenye gari la kukodi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alitoka nje kimya kimya. Walipomchungulia, alikuwa anazifunua kava za viti vyake.

Jumatatu asubuhi baridi ilikuwa kali. Familia ilikuwa inateremka Same, na Bibi, aliyewasindikiza mpaka kwenye gari, alikuwa anabaki. Honorata alimvalisha Agape sweta nene la sufu, akamweka kitini, akaanza kumfunga.

"Ngoja," alisema Bibi. "Rogathe aliniambia jambo jingine, wewe ulikuwa ndani unafunga mizigo. Mvue sweta kwanza."

"Ataganda kwa baridi, Mama."

"Haya, tazama. Mkanda unaukaza juu ya sufu. Ajali ikija, sufu inabonyea, mtoto anachomoka. Mkanda unatakiwa ubane mtoto, siyo nguo."

Honorata alimvua sweta. Bibi aliinama ndani ya gari. Macho yake yalikuwa bado hayaoni vizuri, kwa hiyo alitumia vidole. Aliipitisha mikanda midogo mabegani mwa mjukuu wake, mmoja baada ya mwingine, akaifunga, akaivuta. Alipoona imemkaa sawasawa, alijifungua kanga aliyojitanda. Ilikuwa bado na joto lake. Alimfunika nayo Agape juu ya mikanda, kuanzia kifuani mpaka miguuni.

"Hapo hatasikia baridi," alisema. Kisha alisimama pembeni na kufunga mlango polepole, ili asimshtue.