Kashata za Msellem Kwenye Hori la Michungwani

Siku ile mjinga alikuwa Msellem, na leo anakiri mwenyewe bila kubanwa. Kwenye pikapu walikuwamo watu watatu: mmoja kavunjika paja, wa pili mwanamke ambaye hajapata kushika usukani tangu azaliwe, na wa tatu dereva. Mjinga ndiye aliyekuwa na leseni.

Gari ilikwama katikati ya hori la Michungwani, mkono wa bahari kusini ya Pemba, saa tano kasorobo za asubuhi, maji yakiwa ndiyo kwanza yamegeuka kurudi. Haikukwama kwa kishindo. Ilikwenda vizuri juu ya mchanga uliokupwa, ikavuka mkondo mmoja wa maji ya kifundoni, halafu mlio wa injini ukawa mzito kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Usukani ukalegea. Msellem akakanyaga mafuta. Lile lilikuwa kosa la nne la siku ile, na kwa kuwa matatu ya mwanzo yalikuwa yake pia, alishayazoea, hakulihisi.

Nyuma, kwenye bodi, Pandu alipiga ukelele mmoja.

Pandu alikuwa mchuma karafuu. Saa mbili asubuhi tawi lililorowa lilimponyoka, akaja chini, na mfupa wa paja la kulia ukachomoza nje ya ngozi. Dada yake mkubwa, Bi Kazija, mkulima wa mwani, alimfunga kwa vipande viwili vya ubao na kanga zake mbili. Ilibaki kumfikisha hospitali Mkoani kabla jeraha halijaharibika. Lakini ule ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mvua za Elinino, na daraja la kutokea Michungwani lilikuwa limechukuliwa na maji siku tatu nyuma. Msellem, aliyekuja kupakia karafuu, alinasa huko na gari yake.

Wanaume wanne walisema, "Tumtie kitandani tumbebe, tukate hori kwa miguu. Ng'ambo barabarani gari zinapita."

Msellem akacheka. "Mtu mzima abebwe na watu wanne kama maiti, na gari ipo? Pakieni!"

Wakapakia, wakarudi shambani. Hilo ndilo la kwanza.

La pili lilikuwa tairi. Miezi miwili kabla, Msellem alikwenda Chake, duka la Abrahman, si mbali na Gombani, na Abrahman akamsimamishia tatu ukutani. Moja ya lami, nyororo, yenye michirizi myembamba. Nyengine ya matope, kashata zake, yale meno ya mpira, zimeachana hata ngumi ya mtoto inapita. Katikati akaweka ya kati na kati.

"Chukua hii," Abrahman alimwambia. "Njia zako weye lami kidogo, udongo kidogo, mchanga kidogo. Hii inakwenda kote."

"Hiyo ya mtu asiyejua anakokwenda," Msellem akajibu, akachukua za matope, tano pamoja na ya akiba. Haiba zilikuwa nayo, mtu asizinyime haki. Zikipita kwenye lami zililia vuuu, hata wazee wa Jadida, mtaa wake kule Wete, wakatoka nje kuangalia kama kuna ndege imepotea njia. Akazijaza upepo mpaka ukizipiga teke zinakurudishia mguu.

La tatu aliliona kwa macho yake na akalisoma kinyume. Ukingoni mwa hori zilikuwapo alama za pikapu ya Nyange, dereva mwenzake, aliyevuka asubuhi ileile na tairi zilizoisha meno, kipara kitupu. Bi Kazija aliinama akazigusa.

"Njia yake pana, haikuzama hata kidole," alisema. "Tairi zake zilikuwa laini huyu. Katoa upepo."

"Nyange kapita na vipara, Bi Kazija. Sembuse miye na kashata hizi?"

Basi ndiyo hiyo sembuse iliyowatia. Kashata kubwa kazi yake ni kuchimba. Kwenye udongo mwekundu wa Pemba huchimba mpaka zikute pagumu, zikashika. Kule horini juu ni mchanga kiasi cha shibiri moja, chini ni tope la mikoko ambalo halijulikani lilipoanzia wala linapokwisha. Kipara chenye upepo mdogo hulala juu ya ule mchanga kama mkeka. Meno ya Msellem yaliupasua kama jembe.

"Toa upepo," Bi Kazija alisema, akishuka.

"Nikitoa nitajaza na nini? Pumpu iko Wete."

"Maji yanarudi, Msellem."

"Nipe dakika kumi."

Alichukua dakika arubaini. Akachimba kwa koleo, akatandika majamvi ya karafuu chini ya tairi, akawasha, akakanyaga. Majamvi yakamezwa na kurushwa nyuma vipande vipande. Mvua ikaanza, ya upande, yenye upepo, na kijiji kikapotea nyuma ya mikoko. Mwishowe akakubali kutoa upepo. Akabonyeza vidude vya upepo kwa njiti, moja baada ya moja, mpaka tairi zikakaa kama chapati. Gari ikajinyanyua! Ikasogea, ikasogea tena, mara tano ya urefu wake, na Msellem akaanza kupiga takbiri kwa sauti. Halafu tumbo lote likakaa juu ya tope, magurudumu yakizunguka hewani bila kugusa kitu. Injini ikakohoa, ikazima. Haikuwaka tena.

Palikuwa kimya, ila mvua. Kisha wakasikia sauti nyengine, ndogo, kama mtu anayenong'ona: maji yakija juu ya mchanga.

"Nakwenda kuita watu," Msellem alisema, akakimbia walikotoka.

Ule mkondo wa kifundoni ulikuwa umeshakuwa wa kifua, na mbio. Aliingia mpaka kiunoni, miguu ikamponyoka, akameza chumvi, akarudi nyuma kwa magoti. Msellem hajui kuogelea. Mtoto wa kisiwa, maji pande zote, na hajui. Aliwahi kufanya mzaha juu ya hilo kwenye harusi tatu tofauti. Pale hakuona cha kuchekesha. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mvua ilizichukua zote.

Aliporudi, Bi Kazija alimgeukia. Alimtazama alivyorowa mpaka shingoni, akaelewa.

"Wewe unajua kuogelea, Bi Kazija. Nenda weye."

"Nimwachie nani huyu? Wewe?"

Pandu alikuwa na homa. Midomo imepauka, macho yanatazama mvua bila kupepesa. "Dada, maji," alisema. Dumu lao lilikuwa na maji ya kunywa vikombe viwili tu. Bi Kazija alimpa kidogo, kisha akatandaza buibui lake mvuani, akalikamulia kinywani mwake tone kwa tone.

"Damu inatoka?" Msellem aliuliza.

"Imepungua. Hilo ndilo linalonitisha."

Saa saba maji yaligusa bodi. Bamvua ya Pemba, maji makuu, haina subira: ukiangalia jiwe, ukigeuza uso, ukirudi jiwe halipo. Walijaribu kumnyanyua, mmoja kichwani, mmoja miguuni, ili watafute pa juu zaidi. Hatua tatu wakazama magotini, Pandu akalia kwa sauti ambayo Msellem hakujua kama binadamu anayo, wakamrejesha. Maji machafu ya tope yalikuwa yameshaingia kwenye jeraha. Bi Kazija aliyaona. Aliyafuta kwa ncha ya mtandio, yakaingia tena, akafuta tena, na Msellem akashindwa kumwambia aache.

Hapo ndipo alipoketi juu ya paa la gari yake na kukata tamaa sawasawa. Mtu huyu alizoea kusema maneno hata msibani. Sasa aliwaza jambo moja tu, likizunguka kama lile gurudumu hewani: wanaume wanne, kitanda, mwendo wa saa moja. Saa hizi Pandu angekuwa Mkoani juu ya shuka nyeupe.

"Kamba unayo?" Bi Kazija aliuliza kutoka chini.

"Ya kufungia magunia."

"Ifungue ile tairi ya akiba."

Ilikuwa imesimama nyuma ya kibini cha dereva, mpya, na upepo wake wote, maana hakuna aliyeifikiria. Waliilaza majini, ikaelea, nusu yake juu. Wakamlaza Pandu mgongo juu ya tairi, mguu uliovunjika juu ya ubao waliong'oa kwenye mlango wa bodi, wakamfunga kwa kamba kifuani na kiunoni. Kila fundo alipiga Bi Kazija. Vidole vya Msellem havikuwa na kazi.

"Shika hapa," alimwambia. "Usishike mguu. Ukihisi unazama, zama na mkono wako juu."

"Bi Kazija, miye..."

"Shika."

Maji yakawachukua. Mkono mmoja wa Msellem ulikuwa ndani ya kashata, vidole vimenasa kati ya meno ya mpira, na mwili wake wote ukining'inia kama nguo. Alimeza maji, akatapika, akameza mengine. Nyuma yao paa la pikapu lilikuwa kama meza ndogo katikati ya hori, kisha halikuwapo. Bi Kazija alikuwa akipiga miguu upande wa pili, kichwa kimefunuka, nywele za mvi zimemganda usoni, akisoma sura ya Yasini kwa pumzi fupifupi, na kila akifika mahali pumzi inapokata anaanza tena.

Maji yaliwatupa ndani ya mikoko. Wakashika mizizi. Magamba makali ya chaza juu ya mizizi yaliwachana viganja, na damu ikatoka, na hakuna aliyeangalia. Walikaa hivyo, maji yakipanda kutoka kifuani mpaka kwenye mabega. Saa nane. Saa tisa. Baridi iliingia mifupani, baridi ya Pemba ambayo mtu akihadithiwa hucheka.

"Pandu," Msellem aliita. "Pandu, nijibu. Nitukane basi."

Hakujibu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Bi Kazija alikuwa ameweka kiganja chini ya kidevu chake, maji yasimwingie puani, na mkono ule haukusogea muda wote. Msellem aliona kwamba mwanamke yule hajui kama ameshika mtu au maiti, na kwamba hataki kujua. Akageuza uso akalia, na kwa mara ya kwanza maishani alilia bila mtu kumsikia.

Mabruki, mvuvi wa Kisiwa Panza, alikuwa akirudi kutoka kwenye madema, mitego yake ya samaki. Upepo ulimzidi, akaingiza mtumbwi kwenye mikoko kujisitiri. Aliona kwanza tairi.

"Astaghfirullah," alisema. "Nyie mna gari?"

"Tulikuwa nayo," Bi Kazija alimjibu. "Huyu ana paja limevunjika. Tazama kama anapumua, mimi mkono wangu umekufa."

Mabruki aliinama, akaweka shavu karibu na mdomo wa Pandu. Alichukua muda. Msellem aliuona muda ule mrefu kuliko mchana mzima.

"Anapumua," alisema Mabruki. "Kidogo. Mwacheni hapo hapo kwenye tairi, tumfunge ubavuni mwa mtumbwi. Tukimnyanyua tutammaliza."

Walifika Chokocho alasiri inakwisha, wakapata gari, na adhana ya magharibi iliwakuta mlangoni mwa hospitali. Siku ya nne madaktari walisema tope lilikuwa limeshafanya kazi yake. Wakaukata mguu juu ya goti.

Miezi miwili baadaye Msellem alikwenda kumtazama. Kila Ijumaa alikuwa akitafuta sababu ya kutokwenda, na sababu zikamwishia. Alimchukua Abrahman wa tairi awe mwenzake, maana peke yake asingethubutu. Bi Kazija aliwapokea salamu, akawawekea chai, akaingia ndani kwenye kazi zake. Hakumsemesha Msellem zaidi ya salamu siku ile, wala mpaka leo.

Pandu alikuwa amekaa barazani, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkewe alikuwa akipembua karafuu za watu wengine. Mikarafuu ilikuwa imejaa, na mwenye kuikwea hawezi tena.

Abrahman, akitafuta la kusema, akachukua lililo karibu. "Nilimwambia huyu achukue zile za kati. Zile zingepita."

Msellem angenyamaza, lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake. "Tairi hazina kosa, Abrahman. Mpaka kesho nitasema. Kwenye udongo hazina mfano. Kosa la mchanga ule, chini mtupu. Na iliyomfanya huyu aelee mpaka akafika ni hiyohiyo ya matope, siyo ya kati."

"Tairi ya kati ingeelea vilevile."

"Ingeelea, lakini..."

"Msellem," Pandu aliita, bila kupandisha sauti. Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ile pini. "Haya, nakubali. Tairi haina kosa, kosa la mchanga, na mguu wangu nao haukuwa na kosa. Mbona uliokatwa ni mguu?"