Kumbukumbu Zisizotumika

Aikande alichelewa kufunga duka kwa sababu ya msiba wa watu wengine. Familia moja ya Rau ilikuwa inazika kesho yake, na walitaka nakala mia mbili za ratiba ya mazishi. Ilikuwa Aprili 2008, masika yameshika, na giza lilianza kuingia mtaa wa Soweto, Moshi, mapema. Duka lake la kuchapa barua na kutoa nakala lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta moja ya mtumba. Siku hizo ilikuwa nzito, ukibonyeza herufi unaweza kupiga miayo ndipo itokee.

Mdogo wake, Kornel, alikuwa benchini akisubiri mvua ikatike. Kornel alikuwa akipandisha watalii mlimani, mwaka wa kumi na moja sasa, na mguu wake ulikuwa unaijua kila njia.

Dirisha jekundu likafunguka juu ya kioo. Likakaa pale pale penye jina la marehemu.

KOMPYUTA YAKO NI MGONJWA. PIMA BURE.

Aikande akarudisha mikono nyuma. Mashine ile ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mwisho. Haijawahi kumwandikia Kiswahili.

"Si wamesema bure?" Kornel akasema. "Bonyeza tu, dada."

Akabonyeza.

Namba zikaanza kupanda. Kumi... hamsini... mia... Kila kosa likiongezeka, spika zilitoa mlio mwembamba, kama kifaranga anayeminywa. Zikasimama kwenye makosa mia tatu na kumi na mbili. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Kupima kulikuwa bure. Kutibu, dola ishirini na tisa. Mara moja tu, iliandikwa hivyo.

Kornel alikuwa na kadi ya benki, aliichukua kwa ajili ya wageni wanaomtumia hela kutoka nje. Akaitoa. "Hii mashine ikifa utakula nini? Utanirudishia pole pole." Akamsomea namba, Aikande akaziandika.

ASANTE, AIKANDE.

Wakatazamana. Kadi ilikuwa na jina la Kornel. Jina la Aikande hawakuliandika popote.

Chini yake ukatokea mstari mwingine, mdogo: *Kumbukumbu zisizotumika zimefutwa: 1.*

Mashine ikawa nyepesi. Ratiba ikatoka. Wakafunga duka.

Jumapili walipanda kijijini Kidia, Old Moshi, kumwona mama yao, Eliona. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mkali, mwimbaji wa kwaya asiyefungua kitabu cha nyimbo. Walimkuta amesimama bandani na ndoo ya kukamulia, anamwangalia ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi huyu tunamwitaje?"

Wakacheka. Naye akacheka. Ng'ombe yule alizaliwa mikononi mwake, na jina alimpa yeye mwenyewe.

Mwezi wa tano Kornel alienda benki akarudi na karatasi mkononi. Walikuwa wamekatwa mara mbili. Aikande akawasha mashine, akapima upya. Namba zikapanda zikasimama pale pale, mia tatu na kumi na mbili, kana kwamba hakuna kilichotibiwa.

Wakamwita Thadeus, fundi wa kompyuta. Alipoona tu, akasonya.

"Huu ni wizi. Haipimi kitu, inawatisha tu mlipe. Ngoja niwaonyeshe."

Akafungua kasha, akachomoa diski, akaiweka mezani. "Kila kitu chako kiko humu. Sasa hapo ndani hakuna cha kupimwa." Akawasha.

Kioo kilikuwa cheusi. Kimya...

Kisha kifaranga akalia.

Moja. Mbili. Tatu.

Thadeus aliangalia diski iliyoko mezani, akaangalia kioo. Namba zikaendelea kupanda. Akakusanya bisibisi zake moja moja. Aikande alipomnyooshea elfu tano, alikataa kwa kichwa.

"Simamisheni malipo," akanong'ona. "Leo."

Kwenye karatasi ya benki, kando ya makato, kulikuwa na namba ya simu. Aikande akaipiga jioni ile, Kornel ameegemea bega lake asikie. Muziki ukapigwa kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke ikaitika, taratibu, kwa lafudhi ya Kichagga cha Old Moshi kabisa.

"Nataka mniondoe," Aikande akasema. "Mliandika mara moja tu."

"Chini kulikuwa na kisanduku, mwanangu. Cha kuendelea kila mwezi."

"Sikukiwekea alama!"

"Kilikuwa na alama tayari. Wewe hukuiondoa."

"Tutafunga akaunti."

"Fungeni."

Simu ikakatika. Kornel alikuwa amekwisha kaa chini. "Dada," akasema, "ile sauti ni ya nani?"

Aikande akaiweka simu mezani. Wote wawili waliijua, ndiyo iliyowalea.

Asubuhi yake walifunga akaunti, na kadi wakaikata kwa mkasi mbele ya karani wa benki. Tarehe ya kukatwa ilipofika, Aikande aliketi mbele ya kioo, mikono katikati ya magoti.

MALIPO YAMEPOKELEWA. ASANTE, AIKANDE.

*Kumbukumbu zisizotumika zimefutwa: 46.*

Jirani wa Kidia akapiga simu kabla hajainuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya kihamba chake, shamba la nyumbani, kwenye migomba aliyoipanda kwa mikono yake, anauliza wapita njia kwao ni wapi.

Hospitali walisema ni ugonjwa wa uzee, umemwanza mapema. Wakampa vidonge. Huenda ni kweli. Lakini Kornel alinunua kalenda, akazungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na kila tarehe ile ilipofika mama alipoteza kitu. Mwezi wa saba, nyimbo zote. Mwezi wa nane, jina la Kornel. Mwezi wa tisa Kichagga kilimtoka chote, akabaki na Kiswahili cha kuokoteza, kama mgeni aliyeshuka stendi jana.

Wakaibeba ile mashine hadi Kidia, wakaitumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani, wakafukia kwa mawe na udongo. Mchungaji akaja akaomba. Mwezi wa kumi tarehe ilipofika Aikande alilala sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, amemshika mkono.

Alfajiri mama akaamka. Akamtazama kwa upole.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe ni nani?"

Aikande akamwambia. Akamwambia tena. Mama akawa anaitikia kwa adabu, vile unavyomsikiliza mtu wa barabarani usiyetaka kumkera.

Novemba alisahau kumeza. Wakamzika kwenye kihamba. Ratiba ya mazishi Aikande aliipeleka kuchapwa duka la mtu mwingine.

Siku ya tisa baada ya mazishi Kornel akarudi kazini. Alikuwa na wageni wawili wa kupandisha, na deni la jeneza halikungoja. Siku ya sita ya safari ile, saa kumi na mbili jioni, Aikande alikuwa anachambua mchele mlangoni kwake. Simu ikatetemeka. Ujumbe. Haukuwa na namba ya aliyeutuma.

*Mlipaji wa awali amemaliza. Mlipaji mpya ameunganishwa. Malipo yamepokelewa. Asante kwa kuendelea nasi, Aikande.*

Ungo ukamponyoka. Kabla mchele haujamaliza kumwagika, simu ikaita. Kornel. Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma, na mzungu mmoja alikuwa anauliza kitu, kwa hofu, anarudia rudia.

"Kornel! Uko wapi?"

"Niko..." Alikuwa anahema. "Niko kwenye mawe. Njia ziko mbili."

"Shuka, mdogo wangu. Shuka sasa hivi, giza linaingia."

"Dada," akanong'ona. "Mimi huwa nashukia wapi?"