Kidonge cha Mwisho si cha Kuku

Kila asubuhi Paskazia wa Buswelu aliwapa kuku wake pumba na maji. Kisha aliokota mayai akayauza sokoni Mabatini. Mayai hayo yalimsomesha mwanawe, Masalu.

Kuku wakikohoa, Paskazia hakuhangaika. Siku hizo maduka ya dawa yalizagaa kila kona, na vidonge vya rangi mbili, vya kuua vijidudu, viliuzwa kama karanga. Alivifungua, akamwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Hata Masalu alipougua, akipata nafuu tu, vidonge vilivyobaki vilikwenda bandani. Mama aliona anabana matumizi. Kumbe alikuwa anafuga balaa!

Siku moja Masalu alishikwa na homa, akahara damu. Mama alimpa rangi mbili. Homa ikapanda. Macho yakaingia ndani. Paskazia na mumewe, Mashimba, wakambeba hadi hospitali mjini, roho mkononi.

Maabara walimkuta jirani yao Adventina, mfanyakazi wa hapo. Alipokea choo cha mtoto.

"Tutaotesha vijidudu tuone dawa gani inaviua," alisema. "Majibu yatachukua siku kadhaa."

"Siku kadhaa?" Mashimba alimaka. "Na mtoto mwenyewe ndiyo huyu!"

"Hatutakaa bure, shemeji. Tazameni kompyuta hii. Ina programu ya kupanga majibu. Sisi tunaingiza ya wagonjwa, bwana mifugo analeta ya kuku na ng'ombe. Programu inayalinganisha. Inatuonyesha dawa gani bado inafanya kazi, na wapi. Sasa niambie kweli, Mama Masalu. Kuku wako unawapa dawa gani?"

Paskazia aliinama. Akisema, nani atanunua mayai yake?

"Siwapi kitu," alijibu.

Masalu akagumia mgongoni mwa baba yake. Paskazia akainua uso. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Nawapa rangi mbili, dada. Tangu zamani."

Adventina akabonyeza vitufe. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo, yote ikiteremka.

"Huu ni uwezo wa rangi mbili kwa watu, huu kwa kuku, kwenye nyumba zinazofuga kama yako. Vijidudu vingi haviisikii tena dawa hiyo. Ukiitumia ovyo, au ukiikatisha, vijidudu dhaifu vinakufa. Vile sugu vinabaki, vinazaana. Kisha vinatoka kwa kuku, vinashika mikono, vinaingia mdomoni."

"Basi nimemuua mwanangu!" Paskazia alilia.

"Bado yu hai. Na umesema mapema."

Daktari alikuwa anataka kuongeza dawa ileile. Adventina alipomweleza hayo, akaandika nyingine, ile ambayo kompyuta ilionyesha bado inafanya kazi. Paskazia alikaa kando ya kitanda, akisikiliza kila pumzi ya mtoto. Hakula. Hatimaye Masalu alifumbua macho, akaomba uji. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Majibu ya maabara yalipotoka, yalikubaliana na kompyuta.

Nyumbani, bwana mifugo aliwafundisha kusafisha banda, kuchanja kuku na kunawa mikono kwa sabuni. Dawa, hapana, mpaka yeye ashauri. Wateja wengine walipopata habari walikimbia. Paskazia hakuwaficha kitu waliobaki, nao wakazidi kumwamini.

Siku ya kumaliza dozi, Paskazia alitoka na kidonge cha mwisho, akamkuta Masalu akirusha mpira uani.

"Mama, nimeshapona! Hicho wape kuku."

Kuku walikuwa wamemzunguka Paskazia, midomo juu. Aliwafukuza kwa pindo la kanga yake.

"Njoo hapa," alisema. "Fungua mdomo. Meza, nikuone."